Mguu wa mbele kushoto

Jumamosi, 1 Juni 2024

Laki mbili na nusu. Nimeiandika nyuma ya daftari la maandalio, nikaifuta, nikaiandika tena. Punda mzima wanasema hashuki laki nne, na kwanza umpate wapi? Huku kwetu milimani punda ni wa kwenye picha za Jumapili ya Matawi. Huyu wa Liuli ni mmoja tu, na ana kasoro. "Ila ana mguu," ndivyo alivyosema shemeji kwenye simu. Ana mguu! Nikamuuliza, kwani wengine hawana? Akacheka, mtandao ukakata.

Mistari ya chini ya kahawa imeanza kuwiva. Nimechuma ndoo moja, ya kujionjesha tu. Vidole vinanata.

Baba watoto hajasema kitu. Amekoroga chai muda mrefu kuliko sukari iliyokuwemo.

Jumapili, 2 Juni

Wale vijana wa kubeba kahawa wametangaza bei yao nje ya kanisa, kwa sauti, kama tangazo la ndoa. Imepanda tena. Na nani atawakatalia? Pikipiki inaishia kwenye mlingoti mkubwa. Kutoka shambani ni kushuka hadi kijitoni, kisha kupanda upande wa pili, na hapo kila hatua ni ya mguu wa mtu. Kahawa mbivu nayo haingoji mtu. Uichume leo, imenywe leo leo. Ikilala kwenye gunia inachacha, na siku ya kupanga madaraja hakuna anayeuliza kwa nini ulichelewa.

Jambo linaloniudhi kila mwaka: tunachobeba kwa wingi ni maji na maganda. Kilo tano, sita za mbivu ndipo upate moja kavu. Vijana wananitoza hela ya maji.

Kesho kutwa naenda Liuli. Shule imefungwa, sina kisingizio.

Jumanne, 4 Juni. Liuli

Nimetoka nyumbani na sweta mbili, nimefika hapa nimezibeba mkononi kama mtoto mgonjwa. Lami hadi Mbamba Bay raha, usingizi kabisa. Baada ya hapo vumbi, na dereva wa Noah aliyetupanga wanne kwenye kiti cha watatu akisema "sogeeni kwa upendo".

Ziwa limechafuka. Mwera unavuma, mitumbwi yote imevutwa juu mchangani. Lile jiwe la Liuli bado limelala palepale, kichwa juu, linatazama. Wajerumani walilifananisha na sanamu la Misri, bandari wakaiita Sphinxhafen. Mimi leo limenikumbusha ng'ombe aliyelala akicheua. Mawazo yangu yote siku hizi ni ya wanyama.

Mzee mwenye punda alikuwa anageuza usipa, wale dagaa wa ziwani. Kumbe usipa nao wanaanikwa juu ya vichanja kama kahawa yetu! Nilisimama pale nikatabasamu peke yangu. Nikatoa shikamoo, akaniitikia bila kuacha kazi, akasema, "Mwalimu, kula kwanza. Punda hakimbii." Ugali wa muhogo, usipa wabichi wa kukaanga. Nimekula kama niliyefunga.

Punda jike. Mdogo kuliko nilivyomfikiria. Rangi ya majivu, msalaba mweusi mgongoni na mabegani, masikio kila moja na shughuli zake. Mzee alimnunua Usangu kwa ajili ya kubebea muhogo na kuni. Akaniambia mambo yote mabaya kwanza, moja moja, kwa mpangilio. "Sikufichi, mwalimu." Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mtu asiyekuficha kitu anataka usitafute.

Mguu wa mbele kushoto. Chini kidogo ya kifundo kuna pete ya ngozi isiyo na manyoya, imezunguka kama bangili. Kamba. Alifungwa kwenye mpapai usiku, akajizungusha, asubuhi wakamkuta ameanguka, kamba imezama kwenye nyama. Mwaka juzi. Nyuma ya mguu, juu ya lile kovu, ukano umenenepa, mgumu kama mzizi wa tangawizi. Nikaushika, kisha nikaushika ule wa kulia, kisha tena wa kushoto, kama ninavyomshika mtoto paji la uso na langu kupima homa. Baridi yote miwili. Nikaubonyeza. Hakuvuta mguu. Hakufanya lolote. Alinitazama tu.

"Alipona mwenyewe," mzee akasema.

Mwenyewe. Hilo neno nimelala nalo.

Jumatano, 5 Juni. Liuli bado

Asubuhi tumemtembeza. Mchangani anakwenda vizuri, huwezi kujua. Nikasema twende kwenye njia ngumu. Mzee akasema sawa, lakini alikohoa kwanza. Kwenye njia ngumu, tambarare, vizuri. Kupanda, vizuri, na masikio mbele. Kuteremka ndipo. Hatua ya kushoto inafupika. Si kuchechemea hasa. Ni kama mtu anayeshuka ngazi gizani na hana uhakika kama imebaki moja.

Na mimi njia yangu inaanza kwa kuteremka, na mzigo mgongoni.

Nimempiga video kumi na moja za kumpelekea mwanangu wa Morogoro, yule wa mdogo wangu, yuko SUA mwaka wa nne, anasomea mifugo. Kutoka mbele, nyuma, ubavuni. Watoto wa mtaa mzima wamo kwenye video, wengine wanapunga mkono. Jirani mmoja akauliza kama ni za kampeni. Nimepima kifua kwa kamba nikaifunga fundo, na kimo kwa kamba nyingine. Kwato ni ndefu, mno, zimejikunja kama kandambili za zamani. Mzee anasema punda hakatwi kwato, zinajikata zenyewe. Mawe labda. Lakini huyu anatembea mchangani, zitajikata kwa nini?

Nimempigia hesabu hadi nauli ya kirikuu. Nimeondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Mzee hakunisukuma. Amenifungia usipa wakavu kwenye gazeti, akakataa hela.

Ningependa awe mkorofi. Ingekuwa rahisi.

Ijumaa, 7 Juni

Kamba zimepimwa kwa rula ya ubaoni: kifua sentimita 112, kimo 104. Kijana akaingiza kwenye hesabu zao huko, akasema mama mkubwa, huyo ana kama kilo 140.

Sauti zake sita, za dakika mbilimbili, nimezisikiliza nikiwa jikoni, nikazisikiliza tena kitandani hadi baba watoto akageukia ukutani. Niandike nisisahau:

Kichwa. Mnyama anayeumwa mguu wa mbele hunyanyua kichwa mguu mbovu unapokanyaga, hukishusha unapokanyaga mzima. Akazitazama video zote kumi na moja. Tambarare kichwa kimetulia. Kwenye mteremko kinanyanyuka, kidogo, mara nyingine hakinyanyuki.

Ukano baridi na mgumu ni afadhali kuliko wa moto na laini. Wa moto ni ugonjwa wa leo. Wa baridi ni kovu, na kovu halivutiki kama ukano mzima; linabeba, lakini ukilizidishia linachanika pembeni yake.

Kwato. Alikasirika hapo, akasahau hata kuniita mama mkubwa. Kwato ndefu mbele zinauvuta ule ukano wa nyuma kila hatua. Huenda nusu ya kasoro ninayoiona ni ya kwato, si ya kamba. Zikatwe, lakini si kwa siku moja. Kidogo, wiki kadhaa zipite, kidogo tena. Ukikata zote kwa pupa unamhamishia mzigo mahali asipouzoea.

Halafu akasema jambo ambalo nimelipigia mstari: punda hasemi. Ng'ombe akiumwa utajua, mbuzi atakulilia mtaa mzima. Punda anasimama vilevile. Kwamba hakuvuta mguu nilipobonyeza si ushahidi wa kitu.

Alinitazama tu. Ndiyo.

Nikamuuliza, sasa ninunue? Kimya, sekunde nne nzima zimerekodiwa, jogoo wa Morogoro anawika nyuma. "Inategemea utambebesha nini." Mzima wa uzito ule, theluthi yake, basi. Huyu, kilo 40 jumla, ishirini kila upande, na kuteremka apumzishwe. "Na usizidishe, mama mkubwa. Hata siku moja."

Jumatatu, 10 Juni

Baridi. Ukungu haujaondoka hadi saa nne. Maharage kwenye ngoro yamekauka, nimeanza kung'oa. Nikiwa pale nikaona kitu ambacho sikuwa nimekifikiria, na mimi najiita mkulima! Punda atapitaje kwenye ngoro? Shimo, tuta, shimo, tuta, na matuta yenyewe membamba, sisi tunaruka kwa sababu tumezaliwa tukiruka. Mababu walichimba hivi ili mvua isiondoke na mlima, hawakuwaza mnyama wa mizigo. Itabidi apite ukingoni, kwenye mpaka na jirani, na jirani huyo ndiye aliyeng'oa vigingi vyangu mwaka jana. Lingine hilo.

Usiku baba watoto amesema hatimaye. Maneno machache, ya bei ghali. "Akishindwa, utamuuza kwa nani?"

Kweli. Miaka ile ya wanunuzi wa ngozi mtu angepata chochote hata kwa punda aliyekufa. Ngozi zilikwenda China kuchemshwa dawa. Februari hii wakuu wa nchi wamekubaliana Addis Ababa kuizuia biashara hiyo kwa miaka 15. Nilifurahi niliposikia redioni. Leo nimejikuta natafuta, kwa nusu dakika tu, kama kuna pa kupitia. Nimeandika hapa ili nione aibu vizuri.

Punda anaweza kufika miaka 30. Kwa meno, huyu ana kumi na mbili hivi. Mimi nastaafu baada ya miaka sita. Tutazeeka naye, yaani.

Jumanne, 11 Juni

Usingizi haukuja. Nimemwaza Livingstone, wa somo la darasa la tano. Mwaka 1866, kutoka Mikindani kufuata Ruvuma, na msafara wa wanyama: ngamia, nyati, baghala, punda. Alitaka kujua ni yupi atakayestahimili mbung'o. Agosti alikuwa ziwani, na wale wanyama kwa sehemu kubwa walikuwa wamekwisha. Watoto huandika "waliuawa na mbung'o", nami huweka vema. Lakini mwenyewe alilalamika juu ya watu wake, waliwazidishia mizigo, wakawapiga, wakawaacha na vidonda. Jaribio lenyewe likaharibika: hujui aliyekufa kwa mdudu ni yupi na aliyekufa kwa fimbo ni yupi.

Nimekuwa nikiweka vema kwa nusu ya jibu, miaka yote hii.

Alhamisi, 13 Juni

Mzee kapiga simu. Kuna mtu wa Mbamba Bay anamtaka, wa mchanga na tofali. Anatoa laki mbili na themanini.

Mchanga! Wa mvua au mkavu? Nimeuliza hivyo kweli, kama mjinga. Mzee akasema mchanga ni mchanga, mwalimu.

Nimekasirika mchana kutwa. Nimemfokea mtoto kwa ajili ya sufuria. Halafu jioni nikiwa namenya ndizi likanijia: je, huyo mtu wa mchanga yupo? Shemeji anasema hamjui. Shemeji naye hajui watu wengi. Inawezekana yupo. Inawezekana mzee ameona nilivyoushika ule mguu mara tatu akajua bei yangu halisi. Nisingemlaumu. Usipa alinipa bure, na mke wake ana macho, wanasubiri kumpeleka hospitali.

Ila tofali. Ila tofali kwenye mteremko.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda misa. Nimejaza kilo 40 kwenye magunia mawili kwa mizani ya dukani, nikamwomba kijana mmoja abebe moja, mimi moja, tushuke njia yote hadi kijitoni na kupanda. Ishirini si kitu. Ishirini mtu anabeba anaongea. Tumefika kwenye mlingoti, kijana akaniuliza, "Mwalimu, ndiyo hii tu?"

Ndiyo hii tu. Hapo ndipo penye shida yote, wala si kwenye mguu.

Maana najijua. Juni nina moyo mweupe, naweza kuapa kilo ishirini mbele ya padri. Agosti kahawa imekuwa nyekundu mlima mzima, mtambo wa kumenyea unafungwa saa moja jioni, gunia moja limebaki chini, wingu limekaa vibaya. Nitasema, leo tu. Nitasema, kilo tano si kitu. Naye hatasema chochote, atasimama vilevile na masikio yake.

Nilishafanya. Mwaka 2019, binti yangu ana miaka kumi na tatu. Nilimwambia "hii ya mwisho" mara nne jioni ileile. Mara ya nne hakujibu, aliinama tu nimtwishe. Wiki nzima shingo haikugeuka, alikuwa anageuka mwili mzima kama mlango. Hajawahi kulitaja. Yuko Songea sasa, anapiga simu kila Jumapili, ananiuliza hali ya kahawa.

Leo amepiga. Nimemwambia habari za punda. Akacheka sana, akauliza jina lake. Hana jina, nikasema. Kimya. Halafu: "Mama, usije ukambebesha kama mimi." Akacheka tena. Nami nikacheka. Simu ilipokatika nikabaki nimeishika sikioni.

Jumatano, 19 Juni

Nimetuma. Laki moja ya kwanza kwa simu, na makato yake ya wizi. Tumekubaliana laki mbili na sitini, iliyobaki siku ya kumchukua. Sikutaja mtu wa mchanga, mzee naye hakumtaja. Nimetoa masharti: akatwe kwato mara ya kwanza kabla hajapandishwa kwenye gari, na asibebe kitu hadi nije. Akasema, "Mwalimu, tangu ulipoondoka hajabeba." Sijui kwa nini hilo limenitoa machozi, nilikuwa foleni ya dawa za kahawa.

Kijana wa SUA anasema Julai atakuja mwenyewe na vifaa, atamkata mara ya pili. Ametaka banda liwe kavu. Kwato za punda ni za nchi kame, zinanyonya maji, kwa mvua zetu tangu Novemba hadi Aprili na udongo huu mwekundu zitaoza. Mbao za sakafu basi. Na asikae peke yake, alale na mbuzi.

Bwana mifugo wa kata nimemwona kwa ajili ya kibali cha kumsafirisha. Amezoea ng'ombe na nguruwe. Alinyanyua macho. "Punda? Wa nini?" Nikamwambia wa kahawa. Akaandika "punda 1, jike", akatulia, akauliza kama ni mzima.

Nikasema ana mguu.

Jumamosi, 22 Juni

Baba watoto amepigilia mbao za banda tangu asubuhi bila kuombwa. Mbili zimepinda. Sijasema kitu.

Nimeshona shogi. Magunia ya mbolea, mapya, nimeyafua. Fundi wa sokoni alitaka kunishonea kwa kipimo cha kawaida, kama aliyowahi kuona Makambako, linaingia gunia zima kila upande. Nikachukua vitambaa vyangu nikarudi nyumbani kwenye cherehani. Nilijaza kahawa kwenye mizani hadi ikasoma ishirini, nikaweka alama kwa chaki usawa ule ule, nikakata hapo hapo. Mkasi ulisita nikiwa nusu. Kitambaa kizuri, kinene. Ningeweza kuacha kiganja kimoja juu, cha kukunjia.

Nimekata. Vipande vilivyobaki nimevitupa jikoni, vimeungua kwa moshi mbaya wa plastiki hadi tukatoka nje wote tukikohoa.

Baba watoto akayanyanyua mashogi kwenye mwanga, akayageuza. "Mbona madogo hivi?"

Nikamwambia uzi uliisha.